Breka Hulinda Waya, Si Mtu: Ukaguzi wa Umeme Kwenye Nyumba za Pwani

Friji ipo kwenye nyumba ya maweni, yaani juu ya jiwe la matumbawe, Makunduchi au Lamu. Ndani yake waya wa moto umechubuka na kugusa bati. Wengi huamini kuwa hapo breka itakata. Haikati. Friji inaendelea kugandisha samaki, bati lake likiwa na karibu volti 230, mpaka aje mtu pekupeku, mikono ina maji, ashike mlango.

Breka si mbovu. Inafanya kazi yake sawasawa, ila kazi hiyo siyo ile tunayoidhania. Breka iliwekwa kuuzuia waya usipate moto kwa kubebeshwa mkondo mkubwa kuliko uwezo wake. Kumlinda mtu ni kazi nyingine, yenye kifaa chake na hesabu zake, na pwani ndiko hesabu hizo zinakoharibika haraka kuliko kwingine.

Njia ya kurudi

Umeme haukimbilii ardhini kwa kuipenda ardhi. Unarudi kwenye transfoma ulikotoka, na ardhi ni njia mojawapo tu ya kurudia. Kwenye nyumba nyingi za huku, nguzo huleta nyaya mbili, wa moto unaoleta umeme na nyutro unaourudisha. Waya wa ethi, unaounganisha mabati ya vifaa na ardhi, hauji na shirika, mwenye nyumba anajichimbia wake. Kanuni tunazozifuata, ambazo mizizi yake ni BS 7671 ya Uingereza na IEC 60364 ya kimataifa, huuita mpangilio huo TT. Umeme ukivuja kwenye bati la friji, inabidi upite waya wa ethi, ushuke kwenye ethi rodi (fimbo ya chuma iliyopigwa ardhini), upenye udongo au jiwe mpaka rodi ya transfoma, ndipo ufike kwao.

Tuseme safari yote hiyo ina ukinzani wa omu 50, ambayo kwa maweni ni namba ya kushukuru. Gawanya 230 kwa 50, unapata ampea 4.6. Breka ya ampea 16 ya aina B hukata papo hapo mkondo ukifika kati ya mara 3 na mara 5 ya namba yake, yaani ampea 48 hadi 80. Ya aina C hungoja mara 5 hadi 10, kwa hiyo inaweza kutaka hata ampea 160. Ampea 4.6 haifiki hata ile 16 yenyewe. Kwa breka, hitilafu hiyo haina tofauti na pasi ya nguo iliyowashwa.

Ili breka ya ampea 32 ya aina B imlinde mtu peke yake, mzunguko wote wa kwenda na kurudi usizidi omu 1.37. Ya aina C, omu 0.68. Namba kama hizo huzipati kwa rodi moja kwenye matumbawe, hata ukiiombea dua. Kwa hiyo mkaguzi akikuta nyumba ya TT ina breka tupu kwenye bodi, bila kifaa cha kugundua uvujaji, hana haja ya kupima zaidi ili ajue nyumba hiyo imefeli. Anaendelea kupima ili ajue imefeli kwa kiasi gani.

Jiwe na rodi

Rodi zinazouzwa madukani huwa ni chuma kilichovikwa shaba. Chukua yenye urefu wa mita 1.2 na unene wa milimita 16. Kwenye udongo wenye unyevu, ambao ukinzani wake ni kama omu-mita 100, rodi hiyo itakupa karibu omu 72. Ipeleke kwenye matumbawe makavu ya omu-mita 1,000, itakupa zaidi ya 700. Ukiongeza urefu mpaka mita 2.4, namba hizo zinashuka mpaka 40 na 400 hivi. Ukiongeza unene kutoka milimita 16 hadi 20, unapunguza asilimia 4 tu, kwa hiyo fedha iende kwenye urefu. Rodi ya pili husaidia ikiwa mbali na ya kwanza kwa umbali usiopungua urefu wa rodi yenyewe, na hapo zote mbili zitakupa kama asilimia 60 ya ukinzani wa moja. Ukizisimamisha sentimita 30 kutoka moja hadi nyingine, unapoteza sehemu ya faida ya rodi ya pili.

Sasa tuje kwenye ubaya wenyewe. Fundi anapiga nyundo, rodi inagonga jiwe kwenye sentimita 40 na haishuki tena. Kilichobaki juu anakikata kwa msumeno, anafunga klampu, anafunika kwa saruji. Kwa macho, rodi hiyo haina kasoro. Mita peke yake ndiyo itakayoiumbua.

Jiwe likikataa rodi, zipo njia nyingine. Nyumba ikiwa bado inajengwa, iliyo bora ni kuunganisha nondo za msingi, kwa kuzichomelea au kwa klampu maalumu, na kutoa kipande cha kufungia waya wa ethi kabla zege halijamwagwa. Zege lililo ardhini hushika unyevu kuliko jiwe linalolizunguka, na eneo lake ni kubwa. Nyumba ikishasimama, chimba mtaro wa nusu mita au zaidi, laza shaba tupu yenye urefu wa mita 10 na kuendelea, kisha fukia kwa udongo laini ulioletwa kutoka kwingine, siyo kwa kokoto zilezile za matumbawe. Njia ya tatu ni kutoboa shimo jembamba kwa mashine, kushusha rodi ndefu, na kujaza bentonaiti (udongo wa mfinyanzi unaoshika maji) au saruji inayopitisha umeme. Bentonaiti hunywea na kuachana na rodi ikikauka, kwa hiyo shimo likiwa kavu mwaka mzima saruji hiyo ni chaguo zuri zaidi.

Chumvi na mkaa, dawa inayopendwa na mafundi wengi, ina kasoro zake. Siku ya kwanza mita inasoma vizuri. Masika ikipita imeosha chumvi, na iliyobaki imekwisha kuanza kuila rodi. Fundi ameshalipwa na namba nzuri imeshaandikwa.

Kuipima rodi kunataka mita ya ethi na vijiti viwili vya kusaidia. Kijiti cha mkondo hupigwa mbali, tuseme mita 30 kutoka kwenye rodi. Cha volteji hukaa kwenye mstari huohuo, asilimia 62 ya umbali, yaani karibu mita 18.6. Ukishasoma, kisogeze cha kati mita 3 mbele na mita 3 nyuma. Namba tatu zikikaribiana, umepata jibu. Zikipishana sana, cha mbali hakiko mbali vya kutosha. Kabla ya kuufungua waya wa ethi ili kupima, zima mein swichi ya nyumba nzima na hakikisha haiwezi kuwashwa na mwingine. Waya huo ukiwa umefunguliwa na nyumba ina umeme, uvujaji wowote ulioko jikoni unasimama kwenye kila bati la nyumba, na mkononi mwako.

Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu hakuna pa kupiga vijiti, vichochoro ni jiwe na saruji tupu. Hapo mkaguzi hutumia mita ya mzunguko kutoka kwenye waya wa moto wa kuingilia. Namba inayotoka inabeba rodi ya nyumba pamoja na ile ya transfoma, kwa hiyo ni kubwa kidogo kuliko ukweli, na kosa la upande huo halimdhuru mtu.

Kifaa kinachohesabu

Kifaa cha kumlinda mtu kimeandikwa RCCB au RCD, na mafundi wengi bado wanakiita ELCB, jina la babu yake aliyefanya kazi kwa mtindo mwingine. Kinalinganisha mkondo unaotoka kwa waya wa moto na unaorudi kwa nyutro. Ukitoka mwingi ukarudi kidogo, kuna unaopita pengine, na kinakata. Cha miliampea 30 kinakata kwenye uvujaji mdogo sana kuliko wowote ambao breka ingeushughulikia.

Kanuni inayokifunga kifaa hiki na rodi ni fupi: ukinzani wa rodi ukizidishwa kwa mkondo wa kukatia usizidi volti 50. Kwa miliampea 30, rodi inaruhusiwa kufika omu 1,667. Kwa miliampea 100, omu 500. Kwa 300, omu 167. Ukitazama namba ya kwanza utasema basi hata rodi ya omu 700 inatosha. Kwa hesabu, ndiyo. Lakini Waingereza wenyewe wanaonya kwamba rodi inayozidi omu 200 huenda isitulie, na pwani onyo hilo lina uzito: rodi ya 700 wakati wa masika inaweza kuwa haishiki kitu kabisa Februari, jiwe likikauka na kuachana nayo. Lengo liwe chini ya 200, na upimaji ufanyike kiangazi, kaskazi inapovuma, siyo siku mbili baada ya mvua.

Kitufe cha majaribio kilichoko usoni mwa RCCB kinapotosha wengi. Ukikibonyeza, kinatengeneza uvujaji wa bandia ndani ya kifaa chenyewe. Kitakata hata kama nyumba haina rodi kabisa. Kinachothibitishwa ni kwamba springi na viungo vya ndani havijakwama, na kwa sababu chumvi huvikwamisha, pwani kibonyezwe kila mwezi. Kipimo halisi hufanywa kwa mita. Kwa kifaa cha miliampea 30, ukikipa 15 hakitakiwi kukata. Ukikipa 30 kikate ndani ya milisekunde 300. Ukikipa 150, ndani ya 40. Kinachokata kwenye 15 kitawachosha wenye nyumba, na siku moja watamwita fundi akiruke.

Na kuruka huko ndiko kunakoua. Mkaguzi akikuta RCCB iliyofungwa lakini nyaya zimepita pembeni yake, swali la kwanza liwe nini kilikuwa kinaifanya ikate, siyo nani aliyeifungua. Sababu za kawaida ni chache. Nyutro za saketi mbili zimechanganywa, moja iko nyuma ya RCCB na nyingine mbele, jambo linaloonekana sana kwenye nyumba za ghorofa za zamani zilizogawanywa kati ya ndugu na kupewa mita mbili za luku. Nyutro imegusana na ethi ndani ya boksi lililolowa. Au uvujaji mdogomdogo wa vifaa vingi umejumlishwa kwenye RCCB moja ya nyumba nzima, na hapo dawa ni kuzigawa saketi, kila moja na kifaa chake kinachounganisha breka na ugunduzi wa uvujaji. Nyumba yenye inveta ya sola au mashine za kufulia za kisasa izingatiwe aina pia: RCCB ya aina AC, iliyochorwa wimbi moja tu, hupumbazwa na mkondo wa upande mmoja unaotoka kwenye vifaa hivyo. Nyumbani tumia angalau aina A, na kwa inveta fuata maelekezo ya mtengenezaji wake.

Sababu nyingine inastahili aya yake, nayo ni shawa ya moto. Nyingi za bei nafuu zina koili iliyo uchi ndani ya maji. Kwa maji matamu ya bomba, uvujaji ni mdogo. Kwa maji ya kisima cha pwani yenye chumvichumvi, maji yenyewe yanakuwa waya, RCCB inakata kila anapoingia mtu kuoga, na fundi anaitwa aiondoe. Baada ya hapo anayeoga anabaki na maji yenye umeme na rodi ya omu 400. Shawa ya koili uchi isitumike kwenye maji ya chumvi. Ipo yenye koili iliyofunikwa ndani ya mrija wa chuma, ghali kidogo. Halafu itazame kebo. Shawa ya wati 5,500 inavuta ampea 24, ya wati 7,000 inavuta 30. Mara nyingi utaikuta imechukuliwa kwenye soketi kwa waya wa milimita mraba 2.5. Iwe na saketi yake kutoka kwenye bodi, waya wa 4 kwa ndogo na 6 kwa kubwa, na swichi ya nje ya bafu inayokata moto na nyutro kwa pamoja.

Chumvi hewani

Chumvi ya kawaida huvuta maji kutoka hewani unyevu ukifika asilimia 75 hivi, na usiku wa pwani hupita hapo bila shida. Vumbi la chumvi lililokaa juu ya konekta mchana likiwa kavu, alfajiri linakuwa utando wa maji unaopitisha umeme. Ndiyo maana kipimo cha uhami, yaani cha jinsi umeme unavyozuiwa usivuje kutoka kwenye waya, kile mafundi wanachoita kupiga mega, hutoa majibu mawili kwenye nyumba moja. Kwa volti 500 kanuni inataka angalau megaomu 1. Saa saba mchana utapata 20, saa kumi na mbili asubuhi utapata 0.6. Inayohesabika ni ya asubuhi. Kabla ya kupiga, chomoa taa za LED, chaja na vizuia radi, au unganisha waya wa moto na nyutro pamoja ndipo upime dhidi ya ethi, la sivyo utaviua vifaa vya mwenye nyumba na kulipa.

Kuta za mawe na chokaa za nyumba kongwe zina chumvi ndani yake, nyingine tangu siku zilipojengwa kwa mchanga wa pwani. Boksi la chuma lililozikwa humo huliwa kutoka nyuma, pasipoonekana. Plastiki inafaa zaidi, na nje ya nyumba boksi la IP65 (lisiloingiza vumbi wala maji ya kurushwa) lenye tundu la kebo upande wa chini. Boksi la IP65 lililotobolewa juu kwa bisibisi ya moto si IP65 tena, ni ndoo.

Kwenye maungio, chumvi hufanya kazi taratibu. Ungio la kijani lenye ukinzani wa omu 0.1 likibeba ampea 20 hutoa wati 40 za joto, sehemu ndogo kuliko kidole. Likifika omu 0.5 ni wati 200, na juu yake kuna boriti kavu za mikoko za miaka mia. Breka haikati, kwa kuwa mkondo haujaongezeka. Mahali pabaya kuliko pote ni pale alumini ya kutoka nguzoni inapokutana na shaba ya nyumba, kwa sababu metali hizo mbili zikilowa maji ya chumvi alumini huliwa. Hapo patumike konekta ya metali mbili yenye grisi yake, siyo kusokota na kufunga tepu. Kamera ya joto huyaona maungio haya bila kufungua kitu, ilimradi mzigo umekuwa ukitumika nusu saa au zaidi. Picha ya bodi isiyo na mzigo haina maana.

Jenereta

Kebo ya chini ya bahari iliyokuwa inaleta umeme Unguja ilipoharibika Desemba 2009, kisiwa kilikaa takriban miezi mitatu bila umeme wa gridi. Wakati kama ule kila mwenye uwezo hutafuta jenereta, na jenereta ikishaingia kwenye nyumba haitoki.

Makosa yake ni mawili. La kwanza ni kurudisha umeme nyumbani kupitia soketi, kwa waya wenye plagi mbili. Mein swichi ikisahauliwa bila kuzimwa, umeme unapanda nguzoni, transfoma inaugeuza kuwa volti 11,000 au 33,000, na fundi wa shirika yuko juu ya nguzo akiamini laini imezimwa. Swichi ya kubadilishia, inayochagua ama gridi ama jenereta, ndiyo inayozuia hilo, na iwe inakata nyutro pia.

La pili ni fiche zaidi. Jenereta ndogo nyingi hazina muungano wowote kati ya nyutro na ethi. Umeme ukivuja hauna njia ya kurudi kwenye jenereta kupitia ardhi, kwa hiyo RCCB haioni kitu, hata kwenye hitilafu kamili. Hitilafu ya kwanza hupita kimya. Ya pili, kwenye waya mwingine, ndiyo inayomkuta mtu. Jenereta inayolisha wayaringi wa nyumba inatakiwa nyutro yake iunganishwe na ethi upande wa jenereta, kabla ya RCCB, na muungano huo utenganishwe na nyutro ya gridi kwa ile swichi ya kubadilishia. Mkaguzi anapima mara mbili: mara moja kwa gridi, mara moja jenereta ikiunguruma. Ripoti nyingi zina kipimo kimoja tu.

Mpangilio wa kazi na ripoti

Macho kwanza, kisha vipimo vya umeme ukiwa umezimwa, mwisho vya umeme ukiwapo. Kabla ya kugusa, thibitisha kuwa umeme haupo kwa testa yenye ncha mbili, na testa yenyewe ithibitishwe kwenye umeme unaojulikana kabla na baada. Halafu uendelevu wa waya wa ethi (kwamba haujakatika) hadi kila soketi, uhami, mpangilio wa nyaya kwenye soketi, rodi, mzunguko, na RCCB.

Rangi zisiaminiwe. Katika mtindo wa zamani wa Kiingereza mweusi ni nyutro na bluu ni fezi (waya wa moto) ya tatu. Katika mtindo mpya bluu ni nyutro na mweusi ni fezi ya pili. Nyumba iliyoongezwa vyumba baada ya miaka kumi huwa na mitindo yote miwili ndani ya boksi moja.

Hoteli zenye bwawa zina kanuni zao. Taa za ndani ya maji ziwe volti 12, na transfoma yake ikae nje ya ukanda wa bwawa. Soketi ya kawaida isiwe ndani ya mita 2 kutoka ukingoni.

Afanyaye haya awe na leseni ya mamlaka ya udhibiti wa nishati, EWURA Tanzania Bara au EPRA Kenya, na asiwe yuleyule aliyefunga nyaya. Kasoro zipangwe kwa uzito. Iliyo hatari sasa hivi, kama bati lenye umeme, haingoji ripoti: saketi inazimwa na mwenye nyumba anaambiwa kabla mkaguzi hajaondoka. Inayoweza kuwa hatari, kama TT isiyo na RCCB, inaandikiwa kazi ya haraka. Ya kuboresha tu, kama lebo zilizofutika, inakaa chini kabisa.

Mbele ya kila namba ya rodi pawe na tarehe, hali ya udongo siku hiyo, na kama nyaya za ethi za majirani zilikuwa zimeunganishwa. Omu 90 ya Mei, udongo umelowa, irudiwe kupimwa Februari.